Dracula wa 1992: Jinsi Coppola Alivyoirudia Sinema ya Mwanzo

Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha Grand Café jijini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha zinazotembea. Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye, tarehe 26 Mei 1897, kampuni ya Archibald Constable ya London ilichapisha riwaya yenye jalada la manjano, iliyomhusu kabaila wa Transylvania anayeishi kwa kunyonya damu ya watu. Sinema na Dracula ni watoto wa rika moja. Walizaliwa katika mwongo mmoja, na kwa zaidi ya miaka 100 hawajaachana.

Waongozaji wengi wamemtia Dracula kwenye filamu. Francis Ford Coppola ndiye aliyeutazama urika huo na kuufanya msingi wa kazi yake nzima. Filamu yake, iliyotoka Novemba 1992 kwa jina la Bram Stoker's Dracula, ilitengenezwa wakati kompyuta zilikuwa zimeshabisha hodi Hollywood. Coppola alizifungia mlango. Karibu kila ajabu inayoonekana katika filamu ile ilifanywa kwa kamera, kioo, kivuli, rangi na mikono ya watu, yaani kwa mbinu ambazo fundi wa mwaka 1897 angezitambua. Uamuzi huo ndio sababu filamu ile bado inatazamwa kwa mshangao hadi leo, na historia yake inaanzia mbali kuliko Hollywood.

Mtu wa jukwaani

Abraham Stoker, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bram, alizaliwa Novemba 1847 huko Clontarf, pembezoni mwa Dublin. Utotoni alikuwa mgonjwa wa kulala kitandani mpaka alipokaribia umri wa miaka saba. Mama yake, Charlotte, alikuwa ameshuhudia akiwa msichana kipindupindu kilichoufyeka mji wa Sligo mwaka 1832, na alimsimulia mwanawe habari za watu waliotupwa kaburini kabla hawajakata roho. Mtoto asiyeweza kutoka nje akalelewa na masimulizi ya namna hiyo.

Alipokua alipona kabisa, akasoma Trinity College, akaajiriwa serikalini, na jioni akawa anaandika tahakiki za michezo ya kuigiza bila malipo. Tahakiki hizo ndizo zilizomkutanisha na Henry Irving, mwigizaji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Uingereza. Mwaka 1878 Irving alimwita London awe meneja wa ukumbi wake, Lyceum, na Stoker akakaa na kazi hiyo kwa miaka 27. Aliweka hesabu, aliandika barua zisizo na idadi kwa niaba ya bosi wake, na alipanga misafara ya kampuni nzima kwenda Marekani.

Lyceum ilikuwa nyumba ya maajabu. Irving alijua kuitumia taa ya gesi, moshi, pazia jembamba na mlango wa siri sakafuni hadi watazamaji wakaona mizimu. Mwaka 1885 alipoigiza Faust, mafundi wake waliunganisha umeme na panga za waigizaji, na zilipogongana zikatoa cheche za kweli. Stoker alikuwa nyuma ya pazia usiku baada ya usiku. Aliijua hofu kutoka upande wa fundi: taa izimwe lini, na mtazamaji aachiwe gizani kwa muda gani kabla ya kuonyeshwa kitu.

Majira ya joto ya mwaka 1890 alikwenda kupumzika Whitby, mji wa wavuvi katika pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, wenye magofu ya abasia juu ya jabali na makaburi yanayotazama bahari. Huko alisikia habari za Dmitry, meli ya Kirusi iliyokwama ufukweni mwaka 1885. Katika maktaba ya mji aliazima kitabu cha William Wilkinson cha mwaka 1820 kuhusu Wallachia na Moldavia, na humo akakuta jina la Dracula. Mhusika wake alikuwa akiitwa Wampyr. Akalifuta jina hilo akaandika jipya. Meli ya Dmitry iliingia katika riwaya kama Demeter, ikiwa na maiti ya nahodha iliyofungwa kwenye usukani. Transylvania yenyewe Stoker hakuwahi kuikanyaga.

Alichoandika hakikuwa hadithi ya kale. Riwaya imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Daktari Seward anahifadhi kumbukumbu zake kwa sauti katika fonografu. Mina Harker anapiga taipu. Jonathan, mchumba wake, anapiga picha kwa kamera ya Kodak. Lucy, rafiki yake Mina, anapodhoofika, wanaume wanne mmoja baada ya mwingine wanatoa damu yao aongezewe, miaka kadhaa kabla ya Karl Landsteiner kugundua makundi ya damu. Kiumbe aliyeishi karne nyingi anawindwa na watu wenye mashine mpya, na wanamshinda kwa sababu Mina ameketi akapanga karatasi zote kwa tarehe. Sinema ni karibu mashine pekee ya wakati ule ambayo wawindaji hao hawakuitumia.

Miongo saba ya filamu

Stoker alifariki Aprili 1912, akimwachia mjane wake, Florence, fedha kidogo na haki za riwaya. Mwaka 1922 kampuni ndogo ya Kijerumani, Prana-Film, ilitoa Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Majina ya wahusika yalikuwa yamebadilishwa, lakini hadithi ilikuwa ile ile, na ruhusa haikuombwa. Florence alishtaki. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziharibiwe. Nakala kadhaa zilikuwa zimeshavuka mipaka, na kwa sababu hiyo tu dunia haikuupoteza mmoja wa misingi ya filamu za kutisha. Katika Nosferatu, kivuli cha mnyonya damu kinapanda ngazi kabla ya mwenyewe kuonekana. Coppola hakukisahau kivuli kile.

Baadaye Florence aliruhusu mchezo wa jukwaani. Mchezo huo ulifika Broadway mwaka 1927 ukiwa na mwigizaji kutoka Hungaria, Bela Lugosi, na mwaka 1931 kampuni ya Universal ikamtumia Lugosi huyo huyo katika filamu ya Tod Browning. Tangu hapo Dracula akawa na joho jeusi na suti ya jioni. Mwaka 1958 Christopher Lee alimwigiza kwa rangi katika filamu ya kampuni ya Hammer, damu nyekundu kwenye meno. Filamu za kuiga zilifuata nyingi mno, na taratibu hofu ikapungua. Joho na suti vikawa mavazi ya watoto kwenye sherehe.

Wakati huo huo watafiti walikuwa wakimfukua Dracula mwingine. Mwaka 1972 Raymond McNally na Radu Florescu walitoa kitabu kilichomtangaza Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia wa karne ya 15 aliyewachoma maadui zake kwa vigingi. Filamu ya televisheni ya mwaka 1974, iliyoigizwa na Jack Palance, iliunganisha mtawala huyo na kabaila wa riwaya, ikamwongezea mke aliyekufa anayerudi kwa sura ya mwanamke mwingine. Mwandishi wa michezo ya filamu James V. Hart alitembea njia hiyo hiyo katika mswada wake, ambao ulielekea kuwa filamu ya televisheni.

Kutoka mkono wa Winona Ryder

Mswada huo ulimfikia Coppola kupitia kwa mwigizaji kijana, Winona Ryder. Ryder alikuwa amejitoa dakika za mwisho katika The Godfather Part III ya mwaka 1990, na alihofu kwamba mzee yule alikuwa bado na kinyongo. Walipokutana kumaliza jambo hilo, alimwachia mswada. Coppola alikuwa mpenzi wa riwaya ya Stoker tangu ujana, akakubali mara moja.

Alikuwa na sababu ya kukubali. Mtu huyu aliyezaliwa Detroit mwaka 1939 alikuwa ameupanda mlima mrefu katika miaka ya 1970 kwa The Godfather na Apocalypse Now. Kisha mwaka 1982 filamu yake One from the Heart, aliyoigharimia kwa fedha za kukopa, ilianguka vibaya. Madeni yake yalimwandama kwa mwongo mzima, pamoja na kampuni yake ya Zoetrope. Isitoshe, kila studio iliikumbuka Apocalypse Now, iliyopigwa Ufilipino, ambako kimbunga kilibomoa seti, bajeti ikapasuka, na kazi ikaburuzwa zaidi ya mwaka.

Columbia Pictures walitaka filamu ya bajeti ya kueleweka, isiyokwenda mbali. Coppola aliwaahidi kwamba hatatoka nje: Dracula nzima itapigwa ndani ya majengo ya studio ya Culver City, California, yaliyowahi kuwa ya MGM. Hakutakuwa na milima ya kweli wala kasri la kweli. Sharti hilo la fedha alilifanya kuwa sanaa. Kama kila kitu ni cha kubuni, basi na kionekane cha kubuni, kama ndoto au kama jukwaa la Lyceum.

Kijana na kamera ya mpini

Wataalamu wa kwanza wa hila za picha walioajiriwa walimwambia kwamba anayoyataka hayawezekani bila kompyuta. Aliwaachisha kazi. Nafasi yao alimpa mwanawe, Roman Coppola, aliyekuwa na umri wa miaka 26 hivi na aliyependa mazingaombwe tangu utoto. Agizo lilikuwa moja: tumia kile tu ambacho kingewezekana wakati sinema ilipokuwa changa.

Tazama mandhari ya Jonathan Harker akisafiri kuelekea Transylvania. Ukurasa wa shajara yake umejaza skrini. Juu ya ukingo wa kitabu linapita gari moshi, na moshi wake unatupa kivuli kwenye maandishi. Hakuna hila ya kompyuta hapo. Mafundi walijenga kitabu kikubwa mno, wakatandika reli ndogo, wakapitisha gari moshi dogo linalotoa moshi wa kweli, na kamera ikapiga vyote kwa pamoja. Ndani ya behewa, ramani inamulikwa usoni pa Keanu Reeves, anayemwigiza Harker, huku nje ya dirisha, juu ya anga jekundu la Karpathia, macho ya Gary Oldman, anayemwigiza Dracula, yakifunguka. Macho yale yalirushwa kwa projekta kutoka nyuma ya seti.

Mbinu iliyotumika sana ni kupiga picha mara mbili kwenye mkanda mmoja. Mpiga picha anapiga kitu cha kwanza, anaurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera, kisha anapiga cha pili juu yake. Kosa la pili likitokea, kazi nzuri ya kwanza nayo imekufa, maana mkanda ni ule ule. Hakuna kurudi mezani kusahihisha. Panya wanaotembea juu chini kwenye boriti walipatikana hivyo, kwa kamera iliyogeuzwa. Ukungu wa kijani unaotambaa hadi kitandani pa Mina nao ulilazwa juu ya picha kwa njia hiyo.

Mahali pengine walipiga kinyume. Lucy, akiwa ameshakuwa mnyonya damu, anarudi kinyumenyume hadi jenezani, gauni na mwili vikitii sheria isiyo ya dunia hii. Sadie Frost, aliyemwigiza Lucy, alifanya mwendo wa kutoka jenezani, kisha mkanda ukachezwa nyuma mbele. Akili ya mtazamaji inajua kuna kitu hakiko sawa, lakini jicho haliwezi kusema ni kipi.

Kivuli cha Dracula ni somo peke yake. Kasrini, kivuli hakimfuati mwenyewe. Dracula anaongea kwa upole, huku kivuli chake ukutani kikinyoosha mikono kumkaba Harker. Nyuma ya ukuta wa kitambaa kinachopitisha mwanga alisimama mwigizaji mwingine, akimtazama Oldman na kuigiza mwendo wake kwa kuchelewa kidogo, au kwa nia tofauti kabisa. Uungwana uko mwilini, tamaa iko kivulini. Hapo hila imesimulia tabia ya mtu bila neno hata moja.

Dracula anapofika London amekuwa kijana, na barabara aliyomo inaonekana kwa mikwaruzo na mwendo wa kurukaruka. Mandhari hayo yalipigwa kwa kamera kongwe ya Pathé inayozungushwa kwa mpini wa mkono. Anamwona Mina na kumuuliza njia ya kwenda kuona sinema, ile mashine mpya inayozungumzwa mjini. Wanaingia pamoja. Huku picha zikicheza nyuma yao, mbwa mwitu mweupe aliyetoroka anatokea gizani, na Mina anaushika unyoya wake bila hofu. Mandhari hayo hayamo katika riwaya. Coppola aliyaongeza ili wanarika wawili, sinema na Dracula, wakutane ana kwa ana ndani ya hadithi yao wenyewe.

Mavazi yawe seti

Kwa kuwa seti zilikuwa za bei nafuu, Coppola aliamua fedha iende kwenye mavazi, akisema kwamba mavazi ndiyo yatakuwa seti. Kazi hiyo alimpa Eiko Ishioka, msanii wa michoro kutoka Tokyo, aliyewahi kubuni bango la Apocalypse Now kwa ajili ya Japani na kufanya ubunifu wa filamu ya Mishima mwaka 1985. Ishioka hakuwa mzoefu wa filamu za kutisha, na hilo ndilo lililotakiwa. Joho jeusi la Lugosi hakulitamani hata kidogo.

Filamu inaanza mwaka 1462, Vlad akipigana na Waosmani kwenye uwanja uliofanywa na vivuli vya vikaragosi mbele ya anga jekundu. Deraya aliyoibuni Ishioka ni nyekundu, imechongwa mistari kama misuli ya mtu aliyechunwa ngozi, na kofia yake ina umbo la mbwa mwitu. Kabla hajawa mnyonya damu, Vlad ameshaonekana kama kidonda kinachotembea. Karne nne baadaye Harker anapokewa na kikongwe mwenye nywele nyeupe zilizofungwa juu kwa namna isiyo ya nchi yoyote, aliyevaa joho jekundu la hariri ambalo mkia wake unaburuzwa sakafuni mbali nyuma yake.

Nyekundu ilikuwa rangi ya Dracula. Mina huvaa kijani, rangi ya msichana mtulivu anayengoja harusi. Anapokuwa peke yake na Dracula, gauni lake ni jekundu, na mtazamaji anajua ameshavuka mpaka. Lucy alizikwa na gauni jeupe la harusi lenye ukosi mpana uliokunjwakunjwa, aliouchukua Ishioka kwa mjusi anayetanua shingo anapotishwa. Dracula anakufa ndani ya vazi la dhahabu lililotokana na michoro ya Gustav Klimt, mchoraji wa Vienna wa zama zile zile za riwaya.

Wengine nao walifanya sehemu yao. Michael Ballhaus, Mjerumani aliyewahi kupiga picha za Goodfellas ya mwongozaji Scorsese, alishika taa. Wojciech Kilar wa Poland alitunga muziki wa nyuzi nzito na sauti za kwaya zinazopanda kama jeshi linalokaribia. Anthony Hopkins alimfanya Van Helsing, profesa anayemwinda Dracula, mtu mwenye wazimu wake mwenyewe.

Damu ya mwaka 1992

Damu haikuwa jambo la mapambo mwaka ule. Dunia ilikuwa katika mwongo wa Ukimwi. Filamu inaonyesha chembe za damu chini ya darubini, na Van Helsing anafundisha wanafunzi wake kuhusu magonjwa yanayosafiri ndani yake. Msomaji wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, hahitaji kufafanuliwa maana ya hadithi ambamo mapenzi na kifo vinapita katika mshipa mmoja. Kumfanya Dracula mpenzi aliyefiwa, jambo ambalo Stoker hakuliandika, kuliipa hofu hiyo huruma. Ndiyo badiliko kubwa kuliko yote katika filamu inayobeba jina la mwandishi, na wapenzi wa riwaya wana haki ya kulilalamikia. Binafsi naliona kuwa jibu la kweli kwa wakati wake.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 13 Novemba 1992. Iligharimu dola milioni 40 hivi. Mwisho wa juma la kwanza peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 30, na duniani kote ikapita milioni 200. Wahakiki waligawanyika: wengine waliona picha zimeimeza hadithi, na lafudhi ya Kiingereza ya Keanu Reeves ilishambuliwa sana. Lakini madeni ya Coppola yalipata dawa. Katika hafla ya Oscar ya tarehe 29 Machi 1993, Ishioka alishinda kwa mavazi, na filamu ikapata tuzo nyingine mbili, za upambaji wa sura na uhariri wa sauti.

Miezi michache baadaye ilikuja Jurassic Park, na dinosaria wa kompyuta wakamaliza ubishi kuhusu njia ambayo Hollywood ingepita. Coppola alikuwa amesimama upande ulioshindwa. Hata hivyo picha nyingi za kompyuta za miaka ile leo zinaonekana zimechakaa, kwa sababu kila mashine mpya huzeesha kazi ya mashine iliyotangulia. Kivuli kinachokwenda kinyume na mwenyewe hakijachakaa, kwa kuwa kilikuwa mtu kweli, aliyesimama mbele ya taa kweli, akifikiri. Watengenezaji waliofuata waliliona hilo. Robert Eggers alipoirudia Nosferatu mwaka 2024, kivuli cha mkono wa mnyonya damu wake kilitanda juu ya mji mzima.

Coppola hakurudi kwenye mbinu za kale kwa sababu ya kuzililia. Aliuliza kwanza hadithi hii ni ya wakati gani na inaogopa nini, ndipo akachagua chombo. Stoker aliandika kuhusu watu waliosimama kwenye kizingiti cha dunia ya mashine, wakivutwa nyuma na jambo la kale lililomo damuni mwao. Hadithi hiyo ilidai isimuliwe kwa mashine ya kizingiti hicho hicho, yenye mpini wa kuzungushwa kwa mkono. Filamu inadumu pale chombo na hadithi vinapotaka kitu kimoja, na Dracula wa mwaka 1992 ni ushahidi wa jambo hilo kuliko filamu yoyote ya kutisha ninayoijua.